Uliomba Mvua, Mbona Unaupita Muhogo?

Leo sina neno la kukubembeleza. Leo nazungumza kuhusu sahani yako, na ukiona neno linauma, usikimbie. Soma mpaka mwisho kisha ulipime kwa Maandiko.

Unakumbuka Februari 14, 2023? Kaunti kame za Kenya, Kwale yetu ikiwa mojawapo, zilikuwa zimekosa mvua ya kutosha misimu mitano mfululizo. Kule Kinango na Lunga Lunga watu walikuwa wanahesabu mizoga ya ng'ombe. Siku hiyo taifa lote liliitwa kuomba mvua, ibada kuu ikiwa Nakuru, na huku Waa sisi pia tulipiga magoti. Wengine mlifunga. Wengine mlilia mpaka sauti zikakauka. Mungu akasikia. Masika ikanyesha, na kufika mwisho wa mwaka huohuo maji yakawa mengi mpaka mito ikavunja kingo.

Sasa nakuuliza kama mchungaji wako. Ile mvua uliyoililia ilifanya nini ilipofika?

Iliotesha muhogo. Ilinenepesha kunde na pojo. Ilirudisha mchicha na mnavu mabondeni. Iliingia kwenye mizizi ya minazi. Halafu mama mmoja akavuna, akajitwika, akashuka mpaka soko la Kombani, akatandika gunia kando ya barabara, akakaa na jua lote juu ya kichwa chake. Majibu ya maombi yako yalikuwa yamekaa juu ya lile gunia. Nawe ukapita na matatu, ukashuka kwenye supamaketi, ukatoka na mchele wa Pakistan, unga wa ngano na chupa ya mafuta. Ulipofika nyumbani ukafumba macho, ukashukuru kwa chakula, ukamaliza kwa kuomba Mungu aibariki ardhi yetu.

Mpendwa, ardhi gani?

Tuangalie hiyo sahani bila kuonea mtu. Mchele mwingi unaouzwa Kenya unatoka nje, Pakistan ikiwa kati ya wauzaji wakubwa. Sehemu kubwa ya ngano yetu pia inatoka nje, na Urusi na Ukraine zimekuwa miongoni mwa nchi zinazotuuzia. Mafuta mengi ya kupikia asili yake ni mawese, na hayo tunayaagiza hasa kutoka Malaysia na Indonesia. Ndiyo maana mwaka 2022, vita vilipoanza Ukraine mwezi wa Februari, bei ya mkate ilipanda hapa Waa, mahali ambapo hakuna hata risasi moja iliyolia. Na mwezi wa Aprili Indonesia ilipofunga uuzaji wa mafuta ya mawese nje kwa wiki tatu hivi, mama wa mandazi wa hapa alihisi, naye Indonesia hajui iko upande gani.

Kwa hiyo kama sahani yako yote ni hiyo, basi kuwa mkweli mbele za Mungu. Acha kuomba mvua ya Waa. Omba mvua inyeshe Punjab. Omba meli zipite salama Bahari Nyeusi. Hayo ndiyo yanayokulisha. Ukiomba mvua hapa na kula cha kwingine, unamwita Mungu jikoni, anapika, halafu unaagiza chakula cha nje huku sufuria yake inapoa.

Nasema hivi kwa sababu Neno linasema nini kuhusu kushukuru? Wengi wetu tunajua kwamba Kumbukumbu la Torati 8:10 inatufundisha kula, kushiba na kumbariki Bwana. Lakini isome tena polepole. Musa anawaambia watu wambariki Bwana kwa ajili ya nchi nzuri aliyowapa. Shukrani ya mezani, kwa kipimo cha Biblia, inashuka mpaka kwenye udongo. Anayesema asante kwa kilichomo mdomoni na hajali kilichoko shambani amesema nusu ya asante.

Na ukirudi aya mbili nyuma utaona Musa ameanza kutaja vyakula vya pale, kimoja kimoja: ngano, shayiri, mizabibu, mitini, mikomamanga, mizeituni, asali. Ni orodha ya vitu vinavyoota kwenye ile nchi. Chuma na shaba vinatajwa baadaye, mwishoni. Sasa jaribu kuandika orodha hiyo ya Kwale. Nchi ya minazi na mikorosho. Nchi ya muhogo, kunde, mbaazi na pojo. Nchi ya machungwa ya Shimba Hills na embe ngowe na boribo. Nchi ya mpunga wa Vanga. Nchi ya simsim na asali, na bahari yenye samaki kuanzia Tiwi mpaka Gazi, Msambweni na Vanga. Hiyo ni Kumbukumbu la Torati nane kwa Kidigo! Je, ni vingapi katika hivyo vilivyoingia jikoni mwako juma hili?

Sisi watu wa pwani tunajua adabu ya chakula. Ukifika nyumba ya mtu akakukaribisha, hata kama umeshiba, unanawa na kuonja tonge moja. Kukataa kabisa ni kumtukana mwenye nyumba, na ukiongeza kwamba wewe chakula kama hicho huli, uhusiano umekwisha. Basi Mungu ametandika mkeka hapa Kwale, ameweka sinia, amekuambia karibu. Wewe unasema, "Ahsante Baba, lakini mimi muhogo siwezi. Huo ni wa watu wa shida."

Hiyo lugha ya "chakula cha shida" ndiyo ninayoikemea leo kwa jina la Yesu. Imeingia kanisani. Mgeni akija, tunaona aibu kumwekea muhogo wa nazi. Mtoto akipelekwa shule na viazi vitamu anachekwa na watoto wa washirika wenzetu. Kuna watu ambao neno "kienyeji" kwao ni kama Nazareti kwa Nathanaeli katika Yohana 1:46. Hawaamini kitu chema chaweza kutoka hapo. Ajabu ni kwamba mtu huyohuyo akienda Nairobi, akiona kwenye hoteli kubwa "kuku wa kienyeji kwa mboga za kienyeji", analipa pesa nyingi na kupiga picha.

Soma Hesabu 11. Wana wa Israeli walikuwa na mana, chakula kilichoshuka na umande, kwa muujiza, kila siku. Wakaichoka. Wakaanza kulilia samaki wa Misri, matango, matikiti na vitunguu. Kitu cha mbali kikawa kitamu kwa sababu tu kiko mbali, hata kama huko mbali walikuwa watumwa. Na aya ya 20 inaeleza wazi Mungu alilichukuliaje jambo hilo. Alisema wamemkataa yeye aliye katikati yao. Kumbe kudharau chakula alichokiweka Mungu mbele yako ni jambo linalomfikia Mungu mwenyewe.

Sasa mtazame Bwana wetu katika Yohana 6. Mtoto ana mikate mitano na samaki wawili. Yohana anataja mikate hiyo ilikuwa ya nini: shayiri. Nyakati zile shayiri ndiyo ilikuwa mkate wa maskini, yaani muhogo wa wakati huo. Yesu hakutuma mtu kutafuta mkate wa ngano kwanza. Aliuchukua ule wa shayiri, akashukuru, na watu elfu tano wakala. Kisha akaagiza mabaki yakusanywe, kisipotee kitu. Muujiza tunaouhubiri kila mwaka ulianzia kwenye chakula cha kawaida cha mahali pale, kikiwa mikononi mwa mtu aliyejua kushukuru.

Sasa niguse mahali panapouma zaidi. Mnazi.

Kwale na Kilifi ndizo zinazoongoza kwa minazi Kenya. Na kila mhubiri wa pwani, mimi nikiwemo, amekemea tembo. Tumefanya mikesha. Tumelia na wanawake ambao waume zao wanalala kwenye mangwe. Ni sawa, na nitaendelea kukemea. Lakini mnazi una njia mbili. Ua lake ukiliacha, linazaa nazi. Ukiligema, linatoa tembo, na ua linalogemwa halizai nazi. Mwenye shamba anasimama chini ya mnazi wake na kuchagua. Tembo ana mnunuzi kila siku, jioni, pesa mkononi. Nazi je? Mnunuzi wa nazi alipaswa kuwa wewe uliyeokoka! Lakini wewe unakaangia mafuta ya mawese na wali wako unaupika mweupe, nazi unaikuna Krismasi. Kisha Jumapili unapiga kelele, "Ashindwe!" Nani ashindwe? Mgema ana watoto wa kusomesha. Ukitaka aache kugema, nunua nazi yake. Mkemee kwa maombi, mfungulie mlango kwa kikapu. Maombi bila kikapu hapo ni yale maneno ya Yakobo 2:16, ya kumwambia mwenye njaa aende akashibe na usimpe kitu.

Tuje kanisani kwenyewe. Sikukuu ya mavuno tunaijua. Washirika wanaleta mikungu ya ndizi, maboga, nazi, kuku. Mnada unapigwa. Mheshimiwa ananunua boga moja kwa bei ya mbuzi, tunampigia makofi na vigelegele, picha zinawekwa mtandaoni. Mimi sipingi mnada huo, maana kazi ya Mungu inasaidika. Ninachouliza ni hiki: Jumatatu yule mama aliyelileta boga anauza kando ya barabara, nani anasimama? Anasimama mtu wa kanisa, anauliza bei, anasema, "Mama, mbona umenipiga? Punguza." Mchicha uliolimwa kwa jembe la mkono, ukamwagiliwa kwa ndoo, unaubishania shilingi kumi. Lakini supamaketi ulipokuwa huko hukumwambia keshia apunguze. Ulilipa, ukachukua risiti, ukasema ahsante. Kwa tajiri una nidhamu, kwa maskini una ujanja. Yakobo 5:4 inasema kilio cha wavunaji kinafika masikioni mwa Bwana wa majeshi. Usidhani kilio hicho ni cha vibarua wa mashamba makubwa peke yao. Kipo na pale kwenye gunia.

Najua mtanijibu. Niwatangulie.

Wa kwanza atasema, "Mchungaji, 1 Timotheo 4:4 inafundisha kila kiumbe cha Mungu ni kizuri kikipokewa kwa shukrani. Unataka kuturudisha kwenye sheria?" La, hasha. Mchele wa Pakistan si dhambi. Mkulima wa kule naye ni kiumbe cha Mungu, na chapati nitakula kwako ukinikaribisha. Sichoti mtu kumpeleka jehanamu kwa ajili ya mandazi. Lakini angalia sharti la aya hiyo: kikipokewa. Shukrani ina mikono, inapokea. Wewe unatumia aya ya kupokea kila kitu ili kukataa kile kilicho karibu nawe zaidi. Ukiamini kweli kila kiumbe ni kizuri, basi anza kuamini hivyo kuhusu kisamvu.

Wa pili atasema, "Cha hapa ni ghali, na mimi mfuko wangu haufiki." Kama una shilingi mia moja na watoto wanne, nunua kitakachowashibisha, na Mungu anakuelewa, na asikuhukumu mtu. Sisemi na wewe. Nasema na mwenye kuchagua. Ila hata hapo fanya hesabu yako mwenyewe sokoni kabla hujasema ni ghali. Linganisha fungu la muhogo na pakiti ya mkate, linganisha mchicha na soseji, linganisha dafu na soda. Mara nyingi tunachokiita umaskini ni fasheni.

Wa tatu atasema, "Hiyo ni kazi ya serikali." Serikali ina sehemu yake. Soko na barabara ni juu yake. Watafiti wa KALRO kule Mtwapa wamefanya sehemu yao, wakatoa mbegu za muhogo zinazostahimili ugonjwa, wakazipa majina kama Tajirika, Karembo na Shibe. Hebu sikia majina hayo, ni mahubiri tosha! Lakini hakuna serikali itakayokuja kukutafunia. Mkulima hapandi mbegu kwa sababu ina jina zuri. Anapanda kinachonunuliwa.

Nina neno pia kwa ninyi mliotoka bara, na kanisa letu lina wengi: Wakamba, Waluo, Wakikuyu, Waluhya. Wengine mko hapa miaka ishirini na bado kila kitu mnangojea gunia kutoka nyumbani. Yeremia 29:5-7 inawaambia watu wa Mungu waliokuwa ugenini wapande bustani, wale matunda yake, na wautafute amani ya mji waliopelekwa. Kula vya mahali na amani ya mahali vimewekwa katika ujumbe mmoja. Tunaoijua pwani hii tunaikumbuka Agosti 1997, majirani walivyogeukiana Likoni na huku Kwale. Amani haiishi kwenye mikutano ya viongozi tu. Unapomnunulia mzee Mdigo muhogo wake kila Jumanne, ukamjua jina, naye akajua watoto wako, mmekuwa majirani. Yeye anakwenda msikitini, wewe unakuja kanisani, lakini mvua iliyouotesha huo muhogo imenyesha kwa wote wawili, kama Mathayo 5:45 inavyofundisha. Huwezi kumpenda jirani ambaye hujawahi kula cha mkono wake.

Na mwisho, ujue tunachopoteza. Mkulima asiponunuliwa, haendelei kulima kwa ajili ya kutufurahisha. Kijana wake anaondoka. Mnazi unakatwa mbao. Shamba linapimwa, linakuwa ploti, linauzwa, pesa inaliwa mwaka mmoja. Jiulize mjukuu wako atakula nini hapa. Madini tuliyaona. Base Titanium ilimaliza uchimbaji wake hapa Kwale Desemba 2024, miaka kumi na kidogo tangu ianze kusafirisha, na mchanga uliokwenda na meli haurudi. Udongo wa muhogo haufanyi hivyo. Unavuna, unachomeka kijiti, unangoja mvua, unavuna tena. Huo ndio mgodi ambao Mungu hakuuwekea mwisho. Tutakaoufunga ni sisi, kwa kupita na matatu bila kushuka.

Kwa hiyo kuanzia Jumapili ijayo, chakula cha pamoja baada ya ibada kitatoka Kwale. Nimeshazungumza na akina mama wa jikoni. Muhogo wa nazi, mbaazi, mchicha, samaki wa wavuvi wetu, na wali ukipatikana wa Vanga. Vitanunuliwa kwa bei aliyoitaja muuzaji. Kwenye meza ya kanisa hatutaomba kupunguziwa.

Na wewe nyumbani nakupa zoezi la juma hili. Chagua mlo mmoja ambao kila kitu ndani yake kimeota au kuvuliwa hapa Kwale. Nunua kwa mtu, si kwa rafu. Muulize jina lake na shamba lake liko wapi. Halafu mkiketi kula, mnapoomba, mtaje kwa jina, na mlitaje shamba lake. Usiseme tu "ubariki mikono iliyoandaa." Mwambie Mungu ni mikono ya nani. Utaona maombi yako ya chakula yanavyobadilika siku hiyo.

Tuombe.

Baba, tulikulilia mvua nawe ukatupa. Tusamehe kwa kukuomba kwa machozi na kukupokea kwa dharau. Mbariki kila aliyeketi juani leo akiuza ulichootesha. Mpe mgema mnunuzi wa nazi. Linda mashamba ya Waa yasiishe mikononi mwetu. Na utupe leo riziki yetu, na macho ya kuiona pale ulipoiweka. Katika jina la Yesu, Amina.

Kama umepokea, andika Amina, na uniandikie utakula nini juma hili na umenunua kwa nani. Mtumie neno hili mshirika mwenzako anayepita Kombani kila siku. Mbarikiwe sana.

Mchungaji wenu, Waa.